Siku yangu moja kama kaunsela hapa Nakuru

Saa 11 na nusu alfajiri nishaamka. Baridi ya Nakuru si mchezo. Nachemsha chai ya tangawizi naijaza flaski kubwa, si yangu peke yangu, kuna watu huwezi kuongea nao kama hawana kitu cha moto mkononi.

Saa 1 na nusu matatu ya Kaptembwo, natulia tu dirishani nikiwakumbuka watu wa leo mmoja mmoja.

Saa 2 na nusu niko chumba cha kemo, pale wagonjwa wa saratani wanawekewa dawa. Mama mmoja wa Molo anaanza leo ile dawa nyekundu, doksorubisini, na kabla dripu haijafunguliwa namwambia mama, mkojo wako utakuwa mwekundu siku moja mbili, ni rangi ya dawa, si damu. Nimekutana na watu waliokesha usiku mzima wakijua wanakufa, kumbe ni hii rangi tu na hakuna aliyewaambia! Ananishika mkono, anauliza mara mbili, halafu anaegemea kiti.

Saa 4 nina mzee wa Njoro na ile fomu ya maswali 9 ya kupima dipresheni, PHQ-9. Huku kwetu ni wachache wanasema wana dipresheni, utasikia "nafikiria sana", "roho ni nzito", "usingizi umenihama", na hayo ndio nasikilizia. Swali la 9 ni kama wiki mbili zilizopita umewaza afadhali ufe au ujidhuru. Mzee akanyamaza, akaiangalia kalamu yangu. "Binti yangu, ukiandika hiyo si nitashikwa?" Nikamwambia baba, kuwaza hakujawahi kuwa kosa, kosa lilikuwa kujaribu kujiua, kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, na hata hicho Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kinakiuka katiba. Basi akafunguka, karibu saa nzima. Kuna wanaosema ukiuliza hivyo unampa mtu wazo. Si kweli, wazo lilikuwa hapo kitambo, alikuwa amelibeba peke yake. Tukapigia kijana wake simu mzee akiwepo, tukakubaliana kijana atalala huko kwa mzee na dawa za shamba, zile za sumu, atazitoa nyumbani leo leo, halafu nikamsindikiza mzee mpaka kwa daktari, sikumwachia karatasi aende nayo mwenyewe.

Saa 7, githeri.

Saa 9 mvua ikaanza kupiga mabati, na niko na mama wa Solai. Bwawa lilipasuka kule usiku wa tarehe 9 Mei 2018, watu zaidi ya 40 wakafa, na mpaka leo mvua ikinyesha usiku yeye hulala na viatu miguuni. Nikaona visigino vinainuka, pumzi imekuwa fupi, macho yako mlangoni. Hapo huwezi kumwambia mtu atulie, mwili wake uko 2018. Nikamwambia mama, kanyaga chini kabisa, nitajie vitu vitano unaviona.

"Kiti. Kalenda. Mlango." Akanyamaza kidogo. "Flaski yako. Viatu vyangu."

Tukarudia, mara hii sauti anazosikia, mvua ikiwa mojawapo. Bado inanyesha akaomba chai.

Saa 12 nampigia supavaiza wangu, namweleza ya mzee, nalia kidogo. Hiyo simu siikosi, bila hiyo ningekuwa nimeacha hii kazi.

Saa 3 usiku mvua imerudi. Namtumia mama wa Solai meseji, uko aje? Anajibu baada ya muda: "Niko kitandani. Nimevua viatu, nimeviweka karibu."