Daftari Chini ya Godoro

Juni 1999 machungwa yalikuwa yameanza kuiva Muheza, na mimi, mtoto wa darasa la saba, nilikuwa naomba homa ya ndugu yangu isipoe kabla ya Jumatatu.

Sijawahi kumwambia mtu kwamba niliomba hivyo.

Yeye ni mtoto wa mama mdogo. Mama yake alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, akamleta kwetu akiwa darasa la tatu. Nilimzidi miezi mitano tu, lakini aliniita dada tangu siku ya kwanza. Tulilala kitanda kimoja, tukasomea chemli moja. Kabla hajaja nilikuwa nikiongoza darasa bila kutoka jasho. Darasa la nne akanipita, la tano nikampita, na kuanzia hapo kila ripoti ilipofika nyumbani baba alitafuta mstari mmoja tu: nafasi. Ukimpelekea ya pili, anauliza, "Huyo wa kwanza ana vichwa viwili?" Na huyo wa kwanza yupo pale pale, anachambua mchicha.

Baba hakuwa mtu mbaya. Siku hizo sekondari za kata zilikuwa hazijaenea. Zilikuja kumiminika baada ya MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004. Mwaka uliotangulia wetu, shule nzima walichaguliwa wawili kwenda sekondari. Waliobaki wote waliitwa wamefeli, hata kama alama zao zilikuwa nzuri. Kwa hiyo baba aliona nafasi mbili, na ndani ya nyumba yake watoto wawili. Leo najiuliza kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupiga hesabu hiyo nyepesi, kwamba mbili zilitutosha.

Wiki moja kabla ya mtihani wa majaribio wa wilaya, mwenzangu alishikwa na malaria. Dawa ya wakati ule ilikuwa klorokwini, na yeye ilimwasha mwili mzima. Usiku nilimsikia akijikuna huku akijizuia asiniamshe. Siku tano hakwenda shule. Siku hizo hizo mwalimu alifundisha mzingo na eneo la duara, akamalizia na ujazo wa mcheduara. Nilinakili kanuni zote kwa mwandiko mzuri, nikapiga mistari kwa rula.

Ijumaa jioni aliamka, kanga kichwani, midomo imebabuka.

"Dada, nipe daftari la hisabati nichukue zile kanuni."

Nikamwambia mwalimu amekusanya madaftari yote akasahihishe. Akasema haya, akarudi kulala. Daftari lilikuwa chini ya godoro, upande wangu wa kitanda. Usiku ule na uliofuata tulililalia sote wawili.

Matokeo yalisomwa mstarini siku ya kufunga shule. Mwalimu wa taaluma aliita kumi bora kuanzia chini. Mwenzangu aliitwa wa tisa. Nilikuwa wa kwanza, nikapewa madaftari manne na kalamu. Nilipogeuka nilimtafuta yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilitaka kuona uso wake umeanguka. Alikuwa anapiga makofi, mikono bado myembamba kwa ugonjwa, na meno yote nje.

Nyumbani alichinjwa jogoo. Usiku, wengine walipolala, niliisogeza ripoti karibu na chemli. Hisabati: 34 kati ya 50. Machi, nilipokuwa wa pili, nilipata 41. Nilikuwa nimeshuka alama saba na kupanda nafasi moja, na baba alishanisifu, jogoo alishaliwa, hakuna aliyeisoma ile 34. Nilijua ilitoka wapi. Siku zile tano sikukokotoa hata swali moja la mcheduara. Nilikuwa nahesabu vipindi alivyokosa mwenzangu.

Jumamosi alitoa godoro kulianika juani. Mimi nilikuwa natoka kisimani, nikamkuta mlangoni na daftari mkononi. Alilipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, akaingia ndani akaliweka mezani, kando ya chemli. Nikabaki nimesimama na ndoo kichwani, maji yakinitiririkia shingoni.

"Ungesema tu hutaki, dada," alisema.

Akaliendea godoro, akaanza kulipiga kwa fimbo. Baadaye, bila kunitazama, akaongeza, "Mimi sikujua kama tunashindana."

Hakumwambia mama wala baba.

Tulipofanya mtihani wenyewe, shuleni kwetu walichaguliwa watatu. Mimi nilikuwamo, yeye hakuwamo. Sitadai kwamba daftari moja ndilo lililomfungia mlango; mtihani ule ulikuwa na mambo mengi kuliko mcheduara. Lakini kusema halikuhusika pia nimeshindwa, na nimejaribu miaka yote hii. Nilikwenda sekondari na sanduku ambalo yeye ndiye aliyelipaka rangi. Mwaka 2005, wiki ya harusi yake, nilimwomba msamaha. Alisema alishasamehe palepale kwenye godoro, akanipa nazi nikune.

Januari 2023, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Baraza la Mitihani lilitangaza kuwa limeacha kutaja wanafunzi bora na shule bora. Siku hiyo nilikuwa kwake, na mwanawe wa kwanza alikuwa mmoja wa watahiniwa. Alifungua matokeo kwenye simu, akatafuta namba ya mtoto kwa kidole, taratibu, akatabasamu.

"Kawa wa ngapi?" nikauliza.

"Kapata daraja la pili."

Nikanyoosha mkono nipokee simu, niteremke na ile orodha nione wenzake wamepata nini. Akaizima, akaiweka mezani, kisha akamwita mwanawe aje tule.