Siku ya Ukimya Katika Wiki ya Sita

Kozi ile ya kupunguza msongo kwa kutazama pumzi, mwili na mawazo ilikuwa ya wiki 8, kwa mtindo ulioanzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn katika kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa wagonjwa, wengi wao wenye maumivu sugu ambayo dawa zilikuwa zimeshindwa kuyamaliza. Darasa ni mara moja kwa wiki, mazoezi ya nyumbani ni kila siku, na inapofika wiki ya 6 au hapo karibu huwekwa siku nzima ya kukaa kimya. Ni siku hiyo ninayoikumbuka kuliko kozi yote, kwa kuwa mengi tuliyokuwa tumeyasikia tangu wiki ya kwanza yalieleweka siku hiyo tu.

Tulianza saa 3 asubuhi, na tulikuwa tumalize saa 10 jioni. Mwalimu wetu, mwanamume wa makamo asiye na haraka, alitusomea masharti akiwa amesimama mlangoni. Hakuna kuzungumza, hakuna kusoma wala kuandika, hakuna kutazamana usoni, na simu zizimwe kabisa. Mtu mmoja aliuliza kama anaweza kuiacha kwenye mtetemo. "Hapana, ndugu yangu," alimjibu. "Ukijua itatetema, sikio lako litakaa mfukoni." Kisha akatoa sababu. Mtu akiguswa na jambo lisilopendeza, hata dogo, mkono hukimbilia simu au mdomo hukimbilia maneno kabla hajajua alichohisi. Milango hiyo ikifungwa kwa saa 7, hisia hukosa pa kupenyea, na mwenyewe huiona ilivyo.

Robo saa ya kwanza ilikwenda kwenye ukaaji peke yake, na sioni kama ilikuwa nyingi. Aliyekaa kwenye kiti aliambiwa asogee mbele kidogo, mgongo usiegemee, nyayo zote mbili ziguse sakafu. Aliyekaa chini alitakiwa awe na mto mrefu wa kutosha hadi magoti yashuke chini ya usawa wa nyonga. Mwalimu alizunguka na mablanketi yaliyokunjwa, akimwekea kila ambaye magoti yake yalikuwa yamebaki juu. Magoti yakiwa juu kuliko nyonga, kiuno hujikunja kwa nyuma, mgongo hupinda, tumbo hubanwa, na pumzi hupanda kifuani. Baada ya dakika 10 mtu anaumwa mgongo na kuhangaika, halafu anadhani tatizo ni akili yake isiyotulia, kumbe ni mto. Kidevu kiingie ndani kidogo, meno yaachane, mabega yashuke, viganja vilale mapajani. Macho yafungwe, au yawe nusu wazi yakitazama sakafu kama mita moja na nusu mbele. Anayesinzia upesi afadhali ayaache wazi.

Kisha pumzi. Tuliambiwa tuchague mahali pamoja tu pa kuihisi: kwenye matundu ya pua, kifuani au tumboni. Atakayeanza na pua akahamia tumboni, kisha akarudi puani, atakuwa anatafuta raha badala ya kutazama. Anayeona ugumu ahesabu kila anapotoa pumzi, 1 hadi 10, kisha aanze upya. Akijikuta yuko 17, ajue aliondoka zamani. Arudi kwenye 1 bila kujikaripia.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo mafundisho mengi ya utulivu yanapowapotosha watu kwa kuwaambia waondoe mawazo kichwani. Kabla ya ukimya kuanza rasmi, mwalimu alitukumbusha jaribio ambalo Daniel Wegner na wenzake walilichapisha mwaka 1987. Watu waliambiwa wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila anapowajia akilini. Kengele zililia. Wazo linalokatazwa huwekewa mlinzi, na mlinzi huyo analikumbuka kwa niaba yako. Kwa hiyo tulielekezwa hivi: ukigundua umeondoka, lipe wazo jina fupi la aina yake, kama vile "kupanga", "kukumbuka" au "kulaumu", kisha rudi kwenye pumzi. "Kazi yenyewe ni hiyo ya kurudi," alisema. Aliyeondoka mara 50 akarudi mara 50 amefanya mazoezi mara 50.

Katikati ya kikao cha pili, mama mmoja aliyekaa safu ya mbele alianza kupumua kwa nguvu hadi tukamsikia. Alikuwa ameanza kuogopa, na kama wengi wetu tulivyofundishwa na mitaa, akajaribu kujituliza kwa kuvuta pumzi ndefu, kubwa, mfululizo. Mwalimu alimwendea, akapiga goti kando yake na kumnong'oneza. Baadaye, siku ilipokwisha, alitueleza sote kilichotokea, kwa ruhusa ya mama mwenyewe.

Mtu anayepumua kwa nguvu kupita mahitaji ya mwili wake hutoa hewa nyingi ya kaboni dioksidi. Kiwango chake kikishuka kwenye damu, mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo husinyaa kiasi. Kizunguzungu kinaingia, midomo na ncha za vidole zinafanya ganzi, kifua kinahisi kubanwa. Mwenye hofu huzisoma dalili hizo kuwa hewa haitoshi, naye huongeza kuvuta. Ndiyo maana "vuta pumzi ndefu" ni ushauri mbaya kwa aliyeshikwa na hofu. Mwalimu alichomwambia mama yule ni hiki: fumbua macho, sikia nyayo zako sakafuni, vuta pumzi ndogo kwa pua, kisha itoe polepole kwa midomo iliyobana. Mtu akishatulia kidogo, avute kwa hesabu ya 4 na kutoa kwa hesabu ya 6. Jumla ni sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20.

Urefu wa kutoa nao una kazi yake. Moyo huenda mbio kidogo tunapovuta pumzi na kupunguza mwendo tunapoitoa, kwa sababu neva ya vegasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, hupata nguvu zaidi wakati wa kutoa. Basi anayerefusha kutoa anauongezea mwili muda wa kupunguza mwendo. Hesabu ya 4 na 6 si sheria. Mwenye pua iliyoziba au mjamzito atumie 3 na 4. Ishara ya kuwa umezidisha ni kuhisi njaa ya hewa. Ukiihisi, fupisha.

Kabla ya mchana tulilala chali kwa zoezi la kuupitia mwili, dakika 45, kuanzia vidole vya mguu wa kushoto kupanda hadi utosini. Usingizi ndio adui wa zoezi hili. Mwalimu alitufundisha kuacha kiwiko sakafuni na kuusimamisha mkono kutoka hapo kwenda juu: ukisinzia unaanguka, unaamka. Asiyehisi kitu kwenye kifundo au pajani aandike moyoni kwamba hapo hahisi kitu, aendelee. Kulazimisha hisia huzaa hisia za kubuni. Lakini yuko mtu ambaye kuupitia mwili humrudisha kwenye jambo baya alilotendewa. Huyo hatakiwi kuvumilia. Afumbue macho, akae, ahamishie akili kwenye sauti za nje au kwenye mikono yake, na zoezi hilo alifanye akiwa na mtaalamu wa afya ya akili. Namheshimu mwalimu yule kwa kulisema hilo kwanza, kabla hatujalala, maana wengine hulisema mtu akiwa tayari analia.

Tulitembea pia: hatua 10 hadi 15 kwenda, kugeuka, kurudi, tukifuatilia mguu unavyoinuka, unavyokwenda mbele, unavyotua. Ukienda polepole mno utayumba, na ukitazama miguu shingo itauma. Kwa maoni yangu aliyechafuka sana aanze na kutembea, kukaa kuje baadaye, kwani mwili uliojaa adrenalini, homoni inayouandaa kukabili hatari, unataka mwendo. Chakula tulikula kimya. Kutafuna taratibu kila mwanafunzi wa kozi hii analijua tangu wiki ya kwanza, anapopewa zabibu kavu moja aile polepole, kwa hiyo sitakaa hapo.

Saa 8 mchana, tukiwa tumetulia kuliko muda wote, mashine ya kukatia vyuma ilianza kunguruma nje, karibu kabisa na dirisha.

Nilisikia viti vikilia. Mtu aliguna. Mwingine alimtazama mwalimu, masharti ya macho yakiwa yamesahaulika, akingoja aende kuwaomba wale mafundi wasimame. Hakwenda. Dirisha hakulifunga. Aliiacha mashine ingurume kwa muda, kisha akaongea kwa sauti ya kawaida, kwenye mapengo ya chuma kilichokatika.

"Kuna mambo matatu hapa," alisema. "Yatenganisheni."

La kwanza ni sauti. Ina ukali, ina kupanda na kushuka, ina mahali inapotoka. Tuisikilize kama sauti tu, tusiipe jina la mashine wala la mtu aliyeishika. La pili ni mwili. Wapi pamekaza? Tuliambiwa tukague sehemu tano kwa mpangilio: taya, koo, mabega, tumbo, viganja. Wengi wana sehemu yao inayotangulia, na mara nyingi ni ileile, iwe kwa kelele, kwa mkubwa wa kazi au kwa mtoto aliyemwaga maji. Yangu ni taya. La tatu ni maneno ya kichwani: "hawana adabu", "siku imeharibika", "kwa nini mwalimu hafanyi kitu". Maneno hayo tuliambiwa tuyasikie yakipita, tusiyajibu.

Kisha akatutaka tulegeze ile sehemu moja ya mwili iliyotangulia, wakati wa kutoa pumzi tu, mara tatu, na kuiacha sauti ilivyo.

Mashine haikupungua. Ila kilichokuwa kikituchosha kilikuwa kimekaa kwenye la pili na la tatu. Walter Cannon, aliyeeleza tangu mwaka 1915 jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia, alionyesha kuwa maandalizi hayo ni ya mwili mzima: moyo unaenda mbio, damu inahamia kwenye misuli, tumbo linasimamisha kazi. Maandalizi huanza mapema, mara nyingi kabla ya mtu kujiambia kuwa amekasirika. Anayeijua sehemu yake inayotangulia hupata sekunde chache kabla maneno hayajafika mdomoni. Sekunde hizo ndizo utulivu ninaouamini. Asiyeijua huanza kujizuia akiwa ameshapandisha sauti, na kujizuia wakati huo huhitaji nguvu ambazo wengi hatuna.

Mwalimu aliongeza jambo moja: tuseme kimoyomoyo, "hii ni hasira" au "hii ni hofu". Matthew Lieberman na wenzake walichapisha mwaka 2007 utafiti ambamo watu walitazama picha za nyuso zenye hisia huku ubongo wao ukipimwa. Walipochagua neno la kuitaja hisia hiyo, shughuli ya amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na kutambua hatari, ilipungua. Sharti ni neno liwe fupi na liishie hapo. "Hii ni hasira" hufanya kazi. "Hii ni hasira kwa sababu wale watu hawana adabu" ni la tatu limejificha ndani ya la pili, na mwili hukaza upya. Kosa hili ni la kawaida sana, na lina sura ya kujitambua, ndiyo maana halionekani.

Mashine ilinguruma, ikanyamaza, ikarudi. Ilipokoma kabisa hapakuwa na aliyeshangilia. Mwalimu hakusema lolote juu yake, alitusimamisha tutembee.

Ukimya nao hufunguliwa kwa utaratibu. Kama saa 9 na nusu tulikaa wawili wawili. Mmoja alizungumza kwa sauti ya chini kwa dakika 2, mwingine akasikiliza bila kuitikia, bila kutikisa kichwa, kisha wakabadilishana. Wanaotoka kwenye ukimya kwa kishindo, wakawasha simu palepale na kusoma ujumbe wote, wanaweza kuumwa kichwa na kuwa wakali kwa waliowakuta nyumbani. Tuliagizwa simu zibaki zimezimwa kwa saa moja zaidi kwa anayeweza.

Mwishoni kila mmoja alipewa karatasi yenye safu nne za kujaza kila jioni wiki ile: kilichotokea, sehemu ya mwili iliyotangulia, maneno yaliyofuata kichwani, nilichofanya. Mwalimu alisisitiza safu ya pili ijazwe kwanza, kabla hata ya kueleza tukio, kwa kuwa mtu akianza na tukio huandika kesi yake dhidi ya mwenzake na mwili husahauliwa. Na tukio liwe dogo: mlango uliobamizwa, ujumbe usiojibiwa, mtu aliyekukatiza ukizungumza. Yule mama wa safu ya mbele alinyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nina la mume wangu, ni la miaka." Akamwambia, "Hilo liache kwanza, mama. Anza na mlango."