Siku Nilipokwenda Kutazama Makumbusho Matupu

Saa yangu ya mkononi ndiyo iliyoniponza. Usiku wa kuamkia Jumapili ile, tarehe 27 Oktoba 2024, Poland ilirudisha saa nyuma kwa saa moja. Simu ilijirekebisha yenyewe. Saa ya mkononi haikuambiwa kitu. Nikaingia stesheni ya Kraków mbio, natweta, kumbe treni ya Warszawa, mji mkuu, bado sana. Nikaketi na begi langu mapajani, nikijicheka.

Nilichokifuata Warszawa ni makumbusho matupu. Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa yalikuwa yamefungua milango ya jengo lake jipya Ijumaa iliyotangulia, ila maonyesho yenyewe hasa yalisubiri Februari 2025. Kwa wiki za mwanzo ziliwekwa kazi tisa tu, zote za wasanii wanawake, ili watu waione nyumba kwanza. Yupo atakayesema ni kuwapotezea watu muda. Mimi niliona ni bahati, maana nyumba ikishajaa vyombo huioni tena, unaona vyombo.

Rafiki yangu, kijana wa Bukavu, Kongo, anayesoma pale mjini, alinipokea stesheni ya kati tukaenda kwa miguu. Jumba la Utamaduni na Sayansi huna pa kulikwepa: mita 237, zawadi ya Umoja wa Kisovieti, limesimama pale tangu 1955. Pembeni yake, kwenye barabara ya Marszałkowska, limelala jengo jeupe la zege, refu kwenda mbele, paa bapa. Uwanja wa mbele ulikuwa bado mikononi mwa mafundi: uzio, marundo ya mawe ya kutandazia, na tope ambalo sote tuliokuwa kwenye foleni tulilibeba na viatu.

Wenyeji wa mji wamelibandika majina, na mojawapo ni kasha la viatu. Kwa mbali, niseme ukweli, nilikuwa upande wao.

Limechelewa pia. Taasisi ilianzishwa 2005. Mwaka 2007 mbunifu wa Uswisi, Christian Kerez, alishinda shindano la kulisanifu, lakini mkataba ukavunjwa 2012. Kazi akaja kupewa Thomas Phifer wa New York, na ujenzi ukaanza 2019. Miaka yote hiyo makumbusho yaliishi kama mpangaji: kwa muda kwenye lililokuwa duka la samani, ambalo baadaye lilibomolewa, kisha kwenye banda kando ya mto Vistula.

Ndani ndipo nilipoifuta kauli yangu. Ngazi zinapanda mbili mbili, zinaachana na kukutana tena, hivi kwamba mtu uliyepishana naye chini unamkuta juu anakutazama kama mnafahamiana. Nilipitisha kiganja ukutani. Zege laini, la baridi, lenye vitundu vidogo vya hewa ambavyo huvioni mpaka uvipapase. Harufu ya vumbi jipya haijatoka. Watoto walikuwa wamegundua kwamba kumbi tupu zinarudisha sauti, na hakuna aliyewakemea. Kuna vyumba vidogo vimevikwa mbao, vina dirisha kubwa la kutazamia mji. Humo wazee walikuwa wameketi wametulia tuli, wanaangalia magari.

Kazi iliyonisimamisha muda mrefu ni sanamu ya Alina Szapocznikow ya mwaka 1954, wanaume wawili wa shaba, inayoitwa Urafiki, yaani urafiki wa Wapoland na Wasovieti. Zamani ilikuwa ukumbini mwa lile jumba la jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliondolewa, na katika kuiondoa mikono ikakatwa. Nilisogea kutazama pale ilipokatwa hadi mlinzi akakohoa, nikarudi nyuma. Sijui kama aliyeikata alijua anaiboresha. Sanamu nzima ingekuwa propaganda tu. Hii imebaki na jeraha, na imerudi mita chache kutoka ilikotupwa nje.

Mwenzangu alikuwa ameshatangulia. Nilimkuta mbele ya kazi iitwayo "Ghosting", kitambaa kilichotandazwa juu ya vyuma, kikubwa kuliko mtu, kama ngozi iliyoanikwa na mwenyewe hayupo. Ni ya Sandra Mujinga, Mnorwei aliyezaliwa Goma, huko huko Kongo, mwaka 1989.

"Goma!" akasema, kidole hewani. "Huyu ni mutoto wa kwetu!"

Watu wawili watatu wakageuka. Hakujali. Tangu asubuhi alikuwa ananisindikiza kwa adabu tu, sanaa si mambo yake; sasa akaizunguka ile kazi mara tatu, akainama kuangalia vyuma vilivyofungwa, akaniuliza kama inaruhusiwa kupita chini yake. Akapiga picha, akaituma kwa mama yake Bukavu.

Jibu lilikuja kwa sauti tukiwa tunashuka ngazi, akaliweka wazi nisikie:

"Ni muzuri. Sasa ile nguo, bataifula lini?"