Dakika tano za Tengeru

Shule yetu ilikuwa hatua chache kutoka Bohaterów Monte Cassino, yaani Mashujaa wa Monte Cassino, ile barabara ya waenda kwa miguu inayoteremka hadi kwenye gati la mbao la Sopot, mji wa pwani wa Poland. Wenyeji wanaiita Monciak. Nilikwenda pale kujifunza Kipolandi kabla ya kuanza chuo Gdańsk, na nilifika Novemba, vibanda vya aiskrimu vimeshafungwa na saa kumi jioni giza limeshatanda. Bahari ya Baltiki nayo haina maji kupwa wala kujaa ya kuonekana; imekaa tu hapo, ya kijivu, inakutazama.

Upatanisho wa maneno haukunitisha. Mwingereza mmoja mstaafu alilalamika kila siku kwamba kivumishi kinabadilika kufuata nomino. Mimi niliyekua nikisema kitabu changu kizuri kimepotea nilimwonea huruma tu. Kilichonitoa jasho ni hesabu. Mikate midogo miwili ni dwie bułki, mitatu na minne vilevile, lakini ukifika mitano jina lenyewe linageuka: pięć bułek. Kwa hiyo dukani nilinunua minne minne.

Ijumaa moja kila mwanafunzi alitakiwa asimame azungumzie kwao kwa dakika tano. Nadhani darasa zima lilikuwa linasubiri Kilimanjaro na simba. Nikaanza: Urodziłam się w Tengeru, nilizaliwa Tengeru. Jina hilo nililipenda hapohapo, maana ukisema uko mahali, Gdańsk lazima iwe w Gdańsku, Sopot iwe w Sopocie, lakini Tengeru hakuna wa kuligusa.

Nikawaambia kwamba kwetu, karibu na Arusha, kuna makaburi ya Wapolandi. Mwalimu, mama wa makamo ambaye sote tulimwita pani kwa heshima, aliweka kalamu chini. Niliendelea kwa sentensi fupifupi, kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Wasovieti waliwachukua watu hawa makwao mashariki mwa Poland mwaka 1940 na 1941, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 wakatoka pamoja na jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders, wakapitia Iran. Wanaume wenye uwezo wa kupigana walibaki jeshini. Kina mama, watoto na wazee wengi wakaletwa Afrika Mashariki. Tengeru peke yake ilikuwa na wakimbizi wapatao 5,000. Nikachora ubaoni nyumba zao: za mviringo, paa la nyasi, bustani ya maua mbele. Walikuwa na shule na kanisa. Tulipokuwa wadogo tulipita pale tukaona misalaba yenye majina tusiyoweza hata kuyatamka.

Mwalimu ndiye aliyeunganisha mambo. Alinyoosha kidole dirishani, upande wa Monciak, akasema: jeshi hilohilo la Anders ndilo lililopigana Monte Cassino, Italia, Mei 1944. Yaani baba yuko mlimani Italia chini ya risasi, mke na watoto wako Tengeru, chini ya Mlima Meru. Nilikuwa nimepita kwenye kibao cha barabara ile kila siku, na kumbe nilikuwa nasoma habari za jirani zetu.

Msichana wa Ukraine, aliyetuacha mbali sote kwa Kipolandi, aliuliza kama walirudi makwao vita vilipokwisha. Hapo msamiati wangu ulifika mwisho, mwalimu akanijibia polepole ili wote tumfuate. Wengi hawakurudi, kwa sababu makwao kulikuwa kumeshaingizwa Umoja wa Kisovieti. Walikwenda Uingereza, Kanada, Australia. Wachache walibaki Tanganyika.

Mwingereza akataka kujua walikuwa wanakula nini. Nikamwambia sijui, ila kwetu ndizi hazikosekani. Mwalimu akacheka, akarudi ubaoni, akaandika mkimbizi mmoja, wakimbizi wawili, watano na elfu tano, tugeuze jina moja baada ya jingine mpaka kipindi kiishe.