Siku yangu na nguvu za farasi 600 wanaotakiwa kutulia kwenye foleni

Saa 1:00 asubuhi

Mimi ni fundi wa kurekebisha kompyuta za injini, na injini hupoa sawasawa mara moja tu kwa siku, baada ya kulala. Ndiyo maana kabla hata sijavaa ovaroli, laptopu iko kwenye kiti cha abiria na waya umechomekwa kwenye kompyuta ya gari. Nikishaiwasha tu, nafasi ya kurekebisha uwashaji wa baridi imekwisha hadi kesho.

Gari la leo ni Toyota Supra A80 yenye injini ya 2JZ-GTE: silinda 6 za mstari, lita 3, bloku ya chuma kizito. Turbo zake mbili za kiwandani (pampu za kusukuma hewa ya ziada kwenye injini) zimeng'olewa, ikawekwa moja kubwa. Mwenyewe anataka farasi 600, na papo hapo anataka gari la kwendea kazini. Hilo la pili ndilo linalokula siku.

Kinachosumbua asubuhi ni nozeli, vali ndogo za umeme zinazopuliza petroli. Hizi zinamwaga sisi (cc) 1,000 kwa dakika kila moja, kwa hiyo injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, zinafunguka kwa mapigo mafupi mno. Kila nozeli huchelewa kidogo kati ya kupata umeme na kufunguka, na ucheleweshaji huo hurefuka volti zikishuka. Starta ikizungusha, betri huanguka hadi kama volti 10. Ukiwa umebahatisha jedwali la ucheleweshaji huo kwenye kompyuta, injini inanyimwa petroli pale pale inapoihitaji zaidi, kwa sababu kwenye kuta baridi petroli haigeuki mvuke vizuri. Naingiza takwimu za mtengenezaji wa nozeli, naongeza mafuta kidogo, nazungusha ufunguo. Ikakohoa, ikashika.

Saa 2:30

Mdomo wa turbo nimeuziba, najaza upepo wa kompresa na kupuliza maji ya sabuni kwenye kila hozi na klipu. Povu likatokea kwenye kiungo kimoja karibu na intakula, rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo. Tundu kama hilo halipotezi upepo tu: turbo hulazimika kuzunguka zaidi kufidia, na hewa inayotoka inakuwa ya moto kuliko inavyopaswa. Klipu ikabadilishwa.

Saa 3:15

Taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, hupimwa kwa nyuzi za mzunguko wa krenki. Naifunga kwenye nyuzi 10 ndani ya kompyuta, kisha namulika puli ya krenki kwa taa ya taimingi nione kama alama inakubali. Haikukubali, ilikuwa nyuma nyuzi 2. Ukiruka hatua hii, kila namba utakayoisoma kwenye skrini mpaka jioni ni uongo.

Saa 4:00

Hesabu ya mafuta, kwa kalamu. Farasi 600 ni kama kilowati 447. Injini ya turbo ya petroli hula takriban gramu 360 kwa kila kilowati kwa saa, yaani kilo 160 hivi kwa saa, karibu lita 3.6 kwa dakika. Gawanya kwa nozeli 6: sisi 600 kila moja. Sipendi nozeli ipite asilimia 80 ya uwezo wake, kwa hiyo za 750 zingetosha kwa shida. Za 1,000 zina nafasi.

Saa 5:00 hadi saa 7:30 mchana

Gari limefungwa juu ya daino, mashine ya roli inayopima nguvu kwenye magurudumu, na sasa kuna kazi ndefu ambayo hakuna mtu huirekodi kwa simu. Ramani ya mafuta ni jedwali: mizunguko huku, presha kule. Natembea kisanduku kwa kisanduku, mguu mwepesi, daino ikishikilia mizunguko 2,000 kwa dakika, kisha 2,500, kisha 3,000. Hapa nataka lambda 1 (kipimo cha hewa dhidi ya mafuta; ikishuka chini ya 1, mafuta yamezidi), yaani kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Gari la barabarani huishi katika visanduku hivi karibu maisha yake yote. Wanaoniletea magari yanayorukaruka kwenye foleni, mara nyingi fundi aliyetangulia alivipita visanduku hivi mbio ili afike kwenye namba kubwa.

Saa 8:00

Sasa mguu wote. Naanza na springi ya westigeti (vali inayozuia presha ya turbo isizidi) peke yake, presha ya bar 0.7, taimingi ya kujihami, lambda 0.80. Mafuta ya ziada hupoza mwako na kuuzuia usilipuke kabla ya wakati. Nimevaa hedifoni zilizounganishwa na maikrofoni iliyobanwa kwenye bloku. Silinda ya kipenyo cha milimita 86 ikigonga kwa mlipuko kama huo, mlio wake huwa kwenye kilohezi 6.7 hivi, na ukishausikia mara moja hutausahau. Leo kimya. Naongeza nyuzi moja moja. Torki ikiacha kupanda, narudisha. Nyuzi isiyoleta nguvu haina kazi pale.

Bar 1.0, safi. Bar 1.2, grafu ikaanza kutetemeka kuanzia mizunguko 5,500, na lambda ikaonyesha mafuta yamepungua. Dogo anayenisaidia akasema, "Fundi, tuongeze mafuta." Nikamwambia asubiri kidogo. Sensa ya lambda haioni petroli, inaona oksijeni. Silinda isiyowaka hutoa hewa yake yote bila kutumika, na sensa inasema "mafuta machache" hata kama yamejaa tele. Ukiongeza, unazidi kuzima cheche. Tukafungua plagi: pengo milimita 0.9. Hewa iliyobanwa sana ni ngumu kwa cheche kuruka. Tukazibana hadi 0.6, mtetemo ukaisha bila kugusa tone la mafuta.

Tukafika bar 1.4. Kwa presha hiyo hewa inatoka kwenye turbo ikiwa na joto la kama nyuzi 140 za Selsiasi, hata turbo ikiwa nzuri. Anayedhani intakula ni pambo la mbele aguse bomba hilo, kwa hiari yake.

Saa 10:00

Ulinzi. Regyuleta ya mafuta imewekwa bar 3 na hupanda sambamba na turbo, kwa hiyo kwenye bar 1.4 lazima nione 4.4. Isipofika, kompyuta inakata. Presha ya oili ikishuka, inakata. Lambda ikipanda turbo ikisukuma, inakata. Si wazo geni: Oldsmobile Jetfire ya 1962, mojawapo ya magari ya kwanza ya kawaida kuuzwa na turbo, ilikuwa na tangi la maji na methanoli ya kutuliza mwako, na likikauka mfumo wenyewe ulipunguza presha. Wenye magari wengi walisahau kulijaza.

Saa 11:00 jioni

Barabarani. Gia ya kwanza na ya pili nimezibakiza kwenye bar 0.7, vinginevyo ni moshi wa matairi tu. Kisha nikaingia foleni makusudi na kiyoyozi kikiwaka. Feni ikajiwasha, volti zikashuka, sailensa ikayumba kidogo. Nikampa dogo usukani, nikarekebisha hapo hapo hadi ikatulia.

Saa 12:30 jioni

Mwenyewe kaja. Swali la kwanza: "Fundi, wamefika wangapi?" Farasi 510 kwenye magurudumu, nikamwambia, na giaboksi na difu zinakula zao, kwa hiyo kwenye injini ni 600 hivi. Akachukua simu kupiga picha grafu, kisha akauliza kama 100 wengine wanapatikana.

Nozeli zinaruhusu, turbo nayo bado ina pumzi. Nikamfungulia rekodi ya jaribio la mwisho kwenye daino: kwenye 5,800 mizunguko ya injini inapaa na roli za daino haziongezi kasi. Klachi inateleza. Nikashusha presha hadi bar 1.2, nikahifadhi faili hiyo kwenye gari, ile ya 1.4 nikabaki nayo hadi atakapoleta klachi.