Usiondoe tenofovir: ninavyowahudumia wenye VVU na homa ya ini B

Jibu la HBsAg, kipimo cha damu kinachoonyesha kirusi cha homa ya ini B (HBV), likitoka chanya, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuandika kwa kalamu nyekundu juu ya jalada la faili: HBV+, TENOFOVIR ISIONDOLEWE. Ukiliacha jibu hilo ndani, kwenye karatasi za maabara, atakayembadilishia mteja dawa miaka minne baadaye hatalifunua.

Kidonge cha TLD, ambacho wateja wengi wa VVU hukimeza kila siku, kina tenofovir miligramu 300, lamivudine 300 na dolutegravir 50. Dolutegravir haigusi kirusi cha homa ya ini hata kidogo. Lamivudine inakigusa, ila ikibaki peke yake kirusi huizoea ndani ya miaka michache. Mzigo wa ini, kwa kweli, umebebwa na tenofovir.

Makosa mengi huanzia kwenye figo. Kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, imepanda, tenofovir inashukiwa, mteja anaondolewa na kuhamishiwa abacavir na lamivudine, kipimo cha wingi wa VVU kinakuja kizuri, kila mtu anaridhika. Baada ya muda anarudi macho ya manjano, mkojo kama chai ya rangi, ALT, kipimo cha kuumia kwa ini, imepanda mara kumi. Mara nyingi dawa mpya ndiyo hulaumiwa, kumbe ni kirusi cha ini kilichoamka baada ya kuondolewa tenofovir iliyokizuia.

Ndiyo maana sibadilishi kwa kipimo kimoja. Dolutegravir yenyewe hupandisha kreatinini kidogo wiki za mwanzo bila kuumiza figo. Narudia kipimo, napima protini kwenye mkojo, namweka mteja kwenye mizani siku hiyohiyo (uzito wa mwaka jana hupotosha hesabu), ndipo nakokotoa kasi ya figo kusafisha damu. Figo zikiwa kweli zinasafisha chini ya ml 50 kwa dakika, natafuta aina nyingine ya tenofovir, tenofovir alafenamide (TAF), ambayo hutumika hadi kasi hiyo ikishuka kufikia ml 30. Isipopatikana, naongeza entecavir, dawa nyingine ya kirusi cha ini, juu ya ARV kamili, dozi ikipunguzwa kulingana na figo. Entecavir bila ARV kamili ni kosa: inavigusa VVU kidogo tu, kiasi cha kuvifanya viizoee lamivudine.

Hata mteja akihamia mstari wa pili wa dawa za VVU kwa sababu VVU vyake vimeshaizoea tenofovir, tenofovir inabaki. Hapo haipo kwa ajili ya VVU. Mfamasia akiuliza kwa nini, namwonyesha jalada.

Kabla sijampa kopo la dawa, namuuliza mteja safari zake. Anayekwenda kwenye kilimo miezi mitatu hupewa vidonge vya miezi mitatu na akiba ya wiki mbili, kwa sababu akikatisha, ini linaweza kuwaka ghafla, na lililokwisha kuwa na makovu huweza kushindwa kabisa.

Mwenza na watoto wanapimwa HBsAg. Asiye na maambukizi wala kinga huchanjwa mwezi 0, wa 1 na wa 6. Mtoto mchanga anahitaji chanjo ndani ya saa 24. Ile ya wiki ya sita humkuta wakati maambukizi ya kutoka kwa mama yameshatokea.