Zamu imefutwa, na shangazi ananiambia nihame

Ajenti wa kazi amenifutia tena zamu ya kutunza mzee. Ujumbe umeingia nikiwa jikoni, yunifomu mwilini: mzee amelazwa hospitali, usiende. Pole hakuna, malipo hakuna. Stima nayo ikakata papo hapo. Aliyenisitiri ni dada wa chumba cha juu. Kanikuta nimeketi gizani, akavaa koti akatoka kwenye baridi, akaenda kununua tokeni za nyumba nzima. Hakudai hata senti, na mnajua hapa Uingereza pauni kumi za stima hazikai kama mia tano ya Nakuru.

Nikamsimulia shangazi, yuko Free Area, Nakuru, nikidhani atamwombea baraka. Akauliza huyo dada anafanya kazi gani. Nikamwambia. "Mwanangu, hama hapo leo leo!"

Ndiyo, anafanya biashara ya ngono. Anajitegemea, hana bosi, na nyumbani haleti mtu. Anatangaza mapema atakuwa mji gani tarehe gani, kisha anapanda treni. Wiki hii ilikuwa Glasgow, ameifuta. Wateja wakifutiwa hivyo hutukana, eti ni tapeli. Mimi nimeliona daftari lake pale mezani: hoteli upande mmoja, treni na matangazo upande wa pili, chini majina yaliyokatwa kwa kalamu nyekundu. Wanaouliza bei ni wengi, wanaotuma pesa ya kushikilia nafasi ni wa kuhesabu kwa vidole. Wasipofika idadi fulani, safari yenyewe ni hasara. Kukiwa na tamasha mjini, chumba cha hoteli kinapanda bei mara mbili. Na tiketi ya treni ya bei nafuu, ukighairi mwenyewe, pesa hairudi.

Halafu kuna usalama. Uingereza kuuza si kosa, lakini wawili wakifanyia kazi nyumba moja, sheria inaiita danguro. Kwa hiyo anasafiri peke yake, na mtu wa peke yake hapuuzi dalili. Mwanaume akikataa kujitambulisha, au wenzake wakimwonya kuna mkorofi mji ule, anafuta. Belfast, Ireland Kaskazini, hakanyagi: huko kununua ni kosa tangu 2015, na mteja mwenye hofu ndiye hasa asiyetaka kutoa jina lake. Kuna na mafua tu, kama mtu yeyote.

Kilichonigusa ni hiki: jioni ile aliketi na simu akawarudishia wateja wa Glasgow pesa mmoja baada ya mwingine, akiomba radhi. Ajenti wangu, mwenye ofisi na nembo ukutani, hajawahi kunilipia hata basi.

Shangazi mwenyewe anazungusha mitumba Njoro, Elburgon, Molo. Mvua ikiharibu barabara haendi Molo, na wateja waliowekesha makoti wanasubiri. Nani amewahi kumwita tapeli?

Sasa wewe uliye Nakuru unapiga hesabu, usinielewe vibaya. Sikusifii kazi hiyo. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri kwa namna yoyote, na wa shahada saa zake ni 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Ukikamatwa, ni ndege ya kurudi. Na kazi hii yangu ya kutunza wazee, tangu Julai 2025 mlango wa kuajiri watu moja kwa moja kutoka nje umefungwa. Anayekuuzia nafasi hiyo leo anakula shamba la babako, na tarehe ya safari atakuwa anaisogeza kila mwezi, wala huyo harudishi kitu.

Ajenti nimemwandikia kuuliza zamu iliyofutwa asubuhi ya siku yenyewe inalipwaje. Hajajibu. Shangazi naye amepiga mara mbili. Sihami, shangazi. Hiyo pesa ya kuhamia nitaitoa wapi, na zamu zenyewe ndizo hizi?